Saa Ilikuwa Mkononi Mwangu

Kwa kinyozi Fusillo, Jumamosi, mjini Youngstown,
wazee wanabishana tena, sabuni ikiwakauka mashavuni:
nani zaidi, Hlavaty au Pruitt?
Miaka arobaini wananoa kisu hicho hicho
na nyama ya kukata hakuna.

Hlavaty wa thelathini na moja, anasema mmoja,
yule aliyetoka tanurini zamu ya usiku
akapanda ulingoni na masizi bado masikioni,
angemla Pruitt kabla jasho halijatoka.
Mwenzake anacheka: utamlaje mtu usiyemwona?
Pruitt wa thelathini na nane, ngumi yako ikifika
yeye keshahama, kakuachia harufu ya mafuta ya nywele.
Mla ni mla leo, wanatupiana, mla jana kala nini?
Na walaji wenyewe wote wawili wamo udongoni.

Mimi nimemfuata mjukuu wangu, ananyolewa.
Nasubiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza mfua mataulo.

Baba alifagia ukumbi wa ndondi.
Kuanzia miaka kumi na miwili mpaka nilipoolewa
nilifua bandeji zao za mikono katika beseni la bati,
maji baridi, chumvi, kwa kuwa maji moto huigandisha damu.
Bandeji husema.
Za Hlavaty zilikuja zimechanika, mafundo matupu,
damu imepenya safu ya ndani kabisa: damu yake.
Alivunja mkono wake ili avunje taya la mtu
na akaona kauza kwa faida.
Za Pruitt zilikuja zimekunjwa, nyeupe kama nepi za Jumapili,
ila ile ya kushoto, penye kidole gumba,
haikukosa alama za meno.
Nilikuja kumwona, usiku wa pambano na yule Mjerumani wa Toledo,
kaketi kwenye giza la stoo anakiuma kitambaa,
anatetemeka kama mbwa aliyenyeshewa.
Kisha kengele. Kisha tabasamu. Kisha ile miguu.
Wazee husema hakujua woga.
Woga wake nimeufua kila Jumatatu.

Husema pia kwamba hawakukutana kamwe.
Kwa tiketi, ni kweli; mapromota walidai mji hauko tayari
kumwona mweusi akimwinamia Mslovaki aliyelala chini.
Lakini Februari moja theluji ilifunga barabara,
mmoja keshaanza kushuka, mwingine hajamaliza kupanda,
tukabaki wanne ukumbini.
Raundi tatu, kijana, alisema Hlavaty, tupate joto.
Baba akanipa saa.

Ya kwanza, Hlavaty alipiga hewa, na hewa iliumia.
Ya pili alimpata, mara moja, chini ya mbavu,
Pruitt akatoa sauti ambayo sikuisikia tena
mpaka siku nilipojifungua.
Ya tatu, Pruitt aliacha kukimbia.
Sijui kwa nini. Hakuwa na sababu.
Alisimama pale pale pa hatari, kipaji kwa kipaji,
akapiga moyo konde, akapiga na makonde mengine,
na mzee yule, mzito, mwenye mikono ya udongo uliookwa,
akaanza kukwepa! Akakwepa kama msichana anayekwepa busu,
akicheka, damu puani, akicheka.

Kipara mmemwachia nyuma ya sikio, namwambia Fusillo.
Mmoja wa wazee anageuka: Olwen, baba yako alikuwa pale siku zile.
Alikuwa akimtaja nani?
Hakutaja, nasema. Alipenda besiboli.

Dakika tatu zilipita, zikapita nne.
Sita. Saba.
Kengele ilikuwa imening'inia karibu na goti langu.
Hakuna kati yao aliyegeuza shingo kuitafuta.